Kinyama cha Mfukoni Kinachokutaka Utembee

Mpwa wangu ana miaka tisa. Jioni moja nilimkuta amelala chali kitandani, macho kwenye katuni, mkono mmoja juu, anatikisa kitu cha njano kama mtu anayepiga kayamba kwaya ikiwa imechangamka.

"Unafanya nini?"

"Namtembeza, Mjomba."

Kitu chenyewe kilikuwa Pokémon Pikachu, kichezeo cha Nintendo cha mwaka 1998. Dada yangu alikipata kwenye vitu vya mtumba, skrini ina mikwaruzo na ganda limepauka, lakini kilipotiwa betri mpya kikaamka kana kwamba kililala jana tu. Ndani yake anaishi Pikachu, yule kiumbe wa njano wa gemu na katuni za Pokémon mwenye masikio marefu na mkia uliokunjwa kama radi. Ukikining'iniza kiunoni ukatembea, kinahesabu hatua zako. Hatua zinageuka akiba, akiba unampa Pikachu kama zawadi, naye akipokea anafurahi na kukuzoea zaidi. Mpwa wangu alikuwa amegundua, bila kufundishwa na mtu, kwamba kinyama hakitofautishi mguu na mkono.

Sikumgombeza. Tangu wahamie ghorofani, uwanja wake wa kuchezea umekuwa korido na ngazi, na mama yake alikiona kichezeo hiki kama njia ya kumtoa mbele ya televisheni. Je, kinaweza? Hilo ndilo nililotaka kulijua. Nimesoma tafiti kadhaa tangu siku ile, na nimeona kwamba watu wanaokisifu na wanaokibeza wote huchanganya mambo: kuhesabu hatua wanakuita kufanya mazoezi, na kumpenda kinyama wanakuita kupenda kutembea. Ukiyatenganisha hayo, jibu linaanza kuonekana.

Tuanze na yai. Tarehe 23 Novemba 1996 kampuni ya Bandai ya Japani ilianza kuuza Tamagotchi, kijiyai cha plastiki chenye skrini ndogo na vitufe vitatu, ubunifu unaohusishwa na Akihiro Yokoi na Aki Maita. Tamago ni yai kwa Kijapani. Ukikiwasha, yai linapasuka na kinyama kinatoka, na kuanzia dakika hiyo wewe ni mlezi. Kinataka kula. Kinataka kucheza. Kinajisaidia na lazima usafishe. Kinaugua na lazima ukipe dawa. Kikilala uzime taa. Kikihitaji kitu kinalia pip, pip, na ukikipuuza kwa muda mrefu kinakufa. Watoto walikwenda nayo darasani kwa hofu ya kuacha maiti nyumbani, walimu wakayapiga marufuku, na wazazi wengi wakajikuta wanalea yai la mtoto saa za kazi. Mwaka 1997 Yokoi na Maita walipewa tuzo ya Ig Nobel ya uchumi kwa kuyahamisha mamilioni ya saa za kazi za binadamu kwenda kwenye ufugaji wa wanyama wasiokuwapo.

Tuzo hiyo hutolewa kwa mzaha, lakini kilichogunduliwa pale ni kizito. Vidoti vichache vyeusi, visivyofika hata ukubwa wa punje ya mchele, vinaweza kumfanya mtu avihudumie alimradi vionekane vinamhitaji. Aliyewahi kulea kifaranga kilichoachwa na mama yake anajua jambo hili linavyokuja. Siku ya kwanza unakipa pumba kwa huruma tu. Siku ya nne, kikikosa kukimbilia mlangoni, moyo unashtuka. Mapenzi yanakuja nyuma ya malezi, na anayetengeneza kinyama cha mfukoni anakitegemea kitu hicho kuliko anavyotegemea uzuri wa picha.

Tatizo la Tamagotchi ni kwamba malezi yake yote yanafanywa na kidole gumba. Mtoto anaweza kuwa mlezi hodari kutwa nzima asinyanyuke kwenye kochi. Pokémon Pikachu, iliyotoka Japani Machi 1998, ilichukua hisia ileile ikaihamishia miguuni. Hapa hulishi, husafishi, huzimi taa. Pikachu anapiga mswaki mwenyewe, anajenga nyumba za mchanga mwenyewe, anatazama televisheni mwenyewe. Anachotaka kwako ni utembee. Na jambo ambalo naliona ndilo la busara kubwa kuliko yote: hafi. Ukimtupa kabatini mwezi mzima, utamkuta amepoteza mapenzi na wewe, pengine amekupa mgongo, lakini yupo, na kurudiana kunawezekana.

Sasa kuhusu kuhesabu. Shika kichezeo cha zamani cha aina hii karibu na sikio, kitikise taratibu: utasikia tik, tik, tik. Ndani ya vihesabu hatua vya wakati ule mna mkono mdogo wenye uzito nchani, umeshikiliwa na springi. Unapokanyaga, nyonga inashuka na kupanda kidogo, mkono unayumba, unagusa sehemu ya kupitishia umeme, na mguso mmoja unaandikwa kama hatua moja. Ndiyo maana vina kibanio cha kuvining'iniza kwenye mkanda, tena wima. Mfukoni vikilala upande, mkono unakwama na hatua zinapotea. Na ndiyo maana mtikiso wa kitandani unafua dafu. Siku moja nilipanda nacho daladala kwenye barabara iliyochimbika na niliposhuka Pikachu alikuwa na mamia ya hatua ambazo hakuna mguu uliozipiga.

Vifaa vya baadaye vina akili zaidi. Mwaka 2009 Nintendo ilitoa Pokéwalker, kidude cha mviringo chenye rangi nyekundu na nyeupe kinachoenea kiganjani, kikiuzwa pamoja na gemu za Pokémon za HeartGold na SoulSilver za Nintendo DS, mashine ya mkononi ya kuchezea gemu. Hicho kinaendeshwa na betri bapa ya CR2032, ile ya duara kama sarafu, na badala ya mkono wa springi kina akselerometa, chipu inayohisi mabadiliko ya mwendo. Ndani ya chipu ya namna hiyo kuna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoning'inizwa kwenye vijiti vyembamba vya silikoni hiyohiyo. Mwili ukienda, kipande kinabaki nyuma kidogo, kama abiria aliyesimama dereva anapokanyaga mafuta. Umbali kati yake na kuta zake unabadilika, na badiliko hilo linapimwa kwa umeme. Programu haihesabu kila mtikiso, inatafuta mdundo. Mtu mzima anayetembea kawaida hupiga kama hatua 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kurudiarudia, ilhali kuinuka kwenye kiti au kuangusha simu hakurudii. Vifaa vingi vya aina hii hungoja hatua kadhaa mfululizo kabla ya kuanza kuandika, ili visidanganywe na mtikiso wa mara moja.

Lakini mdundo unaweza kuigizwa. Wenye Pokéwalker walizifunga kwenye feni, kwenye kola ya mbwa, kwenye kile chombo cha kupimia mapigo ya muziki kinachoyumba kushoto kulia. Kuchakachua hatua kuna umri sawa na vichezeo vyenyewe, na sidhani kuna chipu itakayokomesha hila hiyo. Kwangu si kasoro kubwa. Mtoto anayefikiri namna ya kumdanganya Pikachu anafanya sayansi ya aina yake, na inafaa akaelezwa kwa nini hila yake imefaulu.

Kasoro iliyonikaa moyoni ni nyingine. Kihesabu hatua kinajua hatua tu. Ndoo ya lita 20 kichwani na mikono mitupu ni hatua ileile. Kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne na kuburuza kandambili kwenye korido ni hatua ileile. Kuogelea hakupo. Baiskeli haipo, au ipo nusu. Kukwea mwembe, kubiringishana, kuning'inia kwenye mti wa mpera, yote hayo ni sifuri. Kwa mtu mzima ambaye mazoezi yake ni kutembea, kipimo hiki kinatosha. Kwa mtoto, ambaye mwili wake unakua kwa kuruka, kuvuta, kusukuma na kuanguka, kinaona sehemu ndogo ya maisha yake.

Na hapa namba elfu kumi inaingia, maana kila mwenye kihesabu hatua ataisikia. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani ilitoa kifaa kilichoitwa manpo-kei. Man ni elfu kumi, po ni hatua, kei ni kipimo. Nyuma yake alikuwepo mtafiti Yoshiro Hatano, aliyetaka Wajapani watembee zaidi, lakini namba ilipendwa kwa sababu ni nzima na inakumbukika, wala haikuwa imethibitishwa kuwa ndiyo mpaka wa afya njema. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2019, I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 16,741 wa Marekani wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliokuwa wakipiga kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliopiga kama 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Mwaka 2022 uchambuzi mwingine uliounganisha tafiti 15 zenye watu 47,471 ulionyesha kwamba kwa walio na miaka 60 na zaidi faida hutulia kati ya hatua 6,000 na 8,000, na kwa walio chini ya hapo kati ya 8,000 na 10,000. Kilichonivutia mimi ni chini ya mteremko, si juu: hatua chache za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Anayetoka kwenye kukaa kabisa anavuna zaidi ya anayetoka elfu nane kwenda elfu kumi.

Hayo ni ya watu wazima. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17, Shirika la Afya Duniani halitoi namba ya hatua. Linataka wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha kwa nguvu ya kati au zaidi, yaani kiasi cha pumzi kupanda. Utafiti wa shirika hilohilo ulikadiria kwamba mwaka 2016 vijana wanne kati ya watano duniani, asilimia 81 ya wenye miaka 11 hadi 17, hawakufika hapo. Kwa hiyo kichezeo kinachomwambia mtoto "hatua" kinamwambia kwa lugha ya karibu tu na kile mwili wake unachohitaji.

Turudi kwa Pikachu na uchumi wake. Hatua 20 ni wati moja, ndilo jina la ile akiba ndani ya kichezeo. Hilo ndilo soko lote. Kutoka mlangoni kwa dada yangu hadi dukani kwa muuza maandazi ni hatua 320 kwenda, 320 kurudi; niliwahi kuzihesabu na mpwa wangu, tukapata wati 32. Tuliporudi akaketi kwenye ngazi, maandazi bado ya moto kwenye gazeti, akabonyeza vitufe kwa kidole chenye mafuta mpaka wati zote zikaenda. Pikachu akaruka. Picha mbili tu zikibadilishana, mikono chini, mikono juu. Yeye akacheka kwa sauti. Nilichokiona ni kwamba hakuangalia tena namba. Namba ilikuwa njia ya kumfikia Pikachu.

Katika kichezeo hichohicho, hata hivyo, wati zako unaweza pia kuzicheza kwenye mashine ya bahati nasibu, zile picha zinazozunguka na kusimama. Hapa nasema wazi: sikupenda. Tumeona mitaani kwetu mashine za kamari za sarafu zinavyowala watoto wa shule nauli. Hatua ambazo mtoto amezipiga kwa miguu yake zikimezwa na mzunguko wa picha, anafundishwa kwamba kutembea na kubahatisha ni njia mbili za kufikia jambo moja, na ya pili haichoshi. Nilimwomba mpwa wangu asiingie sehemu hiyo, na nilimweleza sababu.

Pokéwalker iliupanga uchumi wake kwa uangalifu zaidi. Hatua 20 zilibaki wati moja, lakini kumtafuta kiumbe porini kunagharimu wati 10, na kuchimbua kitu kilichofichwa kunagharimu wati 3. Kiumbe uliyemtoa kwenye gemu na kumtia kwenye kidude anapata uzoefu kadiri unavyotembea, ila akirudishwa kwenye gemu hapandi zaidi ya daraja moja, hata ungetembea kwa miguu kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Wengine walilalamika. Mimi naona ni ulinzi: mtu haambulii chochote kwa kujiumiza siku moja, na anayechakachua kwa feni usiku kucha haendi mbali. Kinachosifiwa ni kurudi kesho.

Sasa mapenzi yenyewe, maana hapo ndipo penye nguvu na penye hatari. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, wakiwamo Kyle Johnsen na Sun Joo Ahn, walichapisha jaribio walilofanya na watoto 61 kwenye kambi ya likizo. Kila mtoto alivaa kipimo cha mwendo na kujiwekea lengo. Kundi moja lilipofika kwenye lengo lilimfundisha mbwa wa kwenye skrini michezo mipya. Kundi jingine lilitumia mfumo uleule wa malengo bila mbwa. Waliokuwa na mbwa walijishughulisha kwa wastani wa saa 1.09 zaidi kwa siku. Saa nzima na dakika tano, kwa sababu ya mbwa ambaye hayupo. Ni matokeo makubwa, na inabidi kukumbuka kwamba jaribio lilidumu siku tatu. Siku ya tatu kila kichezeo bado ni kipya.

Jaribio la pili limenikaa zaidi. Mwaka 2006 James Lin na wenzake walieleza mradi walioufanya na watu 19 kwa wiki 14. Kila mshiriki alikuwa na samaki kwenye skrini. Akitembea vya kutosha, samaki anakua na kuchangamka. Akilegea, samaki ananuna, analia. Washiriki 14 walibadilika kwa namna fulani iliyo njema, ama kwa hatua ama kwa mtazamo wao juu ya kutembea. Lakini wapo ambao samaki wao alipolia hawakutoka kutembea. Waliacha kumtazama. Walimwonea haya, na njia rahisi ya kuikimbia haya ilikuwa kutofungua skrini.

Nadhani kila mzazi aliyewahi kumsuta mtoto anaijua hali hiyo. Lawama ikizidi, mtoto hakimbilii kazi, anamkwepa anayelaumu. Kinyama kinachokufa kwa uvivu wa mtoto kinafanya kazi mpaka siku kitakapokufa, na baada ya hapo mtoto hana mnyama, hana sababu ya kutoka, ana huzuni tu. Ndiyo maana nimesema kutokufa kwa Pikachu ni busara. Ananuna kiasi cha kukukumbusha, na mlango anauacha wazi.

Halafu kuna kuchoka. Pokémon GO ilipotoka Julai 2016, watu walijaa viwanjani na kwenye bustani wakikimbiza viumbe kwa simu. Desemba mwaka huo jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliopitia hatua zilizorekodiwa kwenye simu za vijana wa Marekani wa miaka 18 hadi 35. Wiki ya kwanza wachezaji waliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku. Kila wiki iliyofuata nyongeza ikapungua. Wiki ya sita walikuwa wamerudi walikokuwa kabla ya gemu. Walioyasoma hayo kwa haraka walisema gemu imeshindwa. Mimi sisemi hivyo. Wiki tano za kutoka nje ni wiki tano. Ila zinatuambia kitu kuhusu muda: kinyama kinafungua dirisha, na dirisha hilo halikai wazi mwaka mzima.

Katika wiki hizo, nini kinaingia dirishani? Hapa kuna utafiti wa zamani ambao sioni namna ya kuuruka. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wadogo wa shule ya awali waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri wakichora. Wengine walipewa cheti bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa kitu. Baadaye, wakati wa kucheza kwa hiari, wale walioahidiwa walichora kwa muda unaokaribia nusu tu ya ule wa wenzao. Jambo walilolipenda lenyewe lilikuwa limegeuka kibarua, na kibarua kisicho na malipo mtu hakifanyi.

Tafiti zilizofuata ziliongeza jambo ambalo mara nyingi husahauliwa: madhara hayo huonekana pale mtoto anapokuwa tayari ana hamu. Pasipokuwa na hamu, malipo hayana cha kuharibu, na yanaweza kumfikisha mtoto kwenye jambo ambalo asingelijaribu. Kwangu hapo ndipo fundo linapofunguka. Kinyama cha mfukoni kinamfaa mtoto aliyekaa. Mtoto ambaye kutwa yuko uwanjani anakimbizana, usimpe, au mpe kama kichezeo cha kawaida na usimwulize amepiga hatua ngapi. Ukianza kuzihesabu mbio zake, unaweza kuzigeuza mshahara.

Na kwa yule aliyekaa, kazi ya mtu mzima ni kutumia wiki zile chache kabla dirisha halijafungwa. Usimwache mtoto na kifaa. Toka naye. Wati zitafutwe kwa kwenda mahali: kwa bibi, sokoni, kwa rafiki anayekaa mtaa wa tatu. Kuzunguka kitanda mara mia kunampa Pikachu zawadi ileile, lakini kesho hakuna atakayekumbuka kuzunguka kitanda. Mtaa wa tatu una rafiki.

Anayetaka kununua kifaa kipya atakuta mengi. Bandai yenyewe mwaka 2021 ilitoa Vital Bracelet, bangili yenye viumbe vya Digimon ambayo pamoja na hatua inapima mapigo ya moyo, hivyo inaona juhudi ambazo kihesabu hatua hakizioni. Kabla hujalipa, angalia mambo ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kinyama kinakufa? Lengo unaweza kulishusha likamfaa mtoto wako, au kila mtu anadaiwa elfu kumi? Na kama kinataka kuunganishwa na simu, kinapeleka wapi mwendo na mapigo ya mtoto? Kidude cha 1998 hakikuwa na intaneti. Yale kiliyoyajua kuhusu mpwa wangu yaliishia kiganjani mwake, na hilo nalihesabu miongoni mwa fadhila zake.

Desemba tulikwenda kwa mama Muheza. Nyumba ya kule ina uwanja wa mchanga mbele na mfenesi upande wa jikoni, na watoto wa jirani hawangoji kualikwa. Siku ya kwanza mpwa wangu alikaa barazani na Pikachu wake, akiwatazama wakicheza rede. Siku ya pili walipungukiwa na mtu mmoja. Akaitwa, akaenda, na sikumwona tena mpaka jua lilipokuwa linazama. Alirudi magoti yamepauka kwa vumbi, nywele zimefumuka, sauti imekauka kwa kupiga kelele.

Kichezeo kilikuwa dirishani tangu asubuhi. Nilikichukua nikatazama. Kiliandika hatua 46, nadhani zile za kutoka chumbani hadi barazani.

"Leo hukumbeba," nikamwambia.

"Angeanguka, Mjomba," akasema, akaenda kisimani kunawa miguu.